Daktari Evalyne Nalianya, Aliyechoshwa na Vidonda Vilivyocheleweshwa

Marehemu Daktari Evalyne Nalianya Khisa alizaliwa tarehe 11 Agosti 1964 karibu na soko la Chwele, Bungoma. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Khisa, karani wa kiwanda cha kahawa, na marehemu Mama Elsie. Mama alizoea kusema kwamba mtoto huyu alizaliwa akiwa amekunja uso, na kwamba mkunga alipomfuta alimtazama kama mtu aliyecheleweshewa chai. Waliofanya kazi naye wanaijua sura hiyo. Wagonjwa wake wanaijua zaidi.

Tangu akiwa msichana mdogo alikuwa akiwatoa watoto wa jirani funza kwa pini aliyoipitisha kwenye moto. Kila funza alitoka na hotuba yake. Alitaka kujua kwa nini mtu mwenye miguu miwili na maji ya mto karibu anashindwa kunawa. Watoto walilia, wakagombezwa, wakaenda zao wakitembea vizuri. Mdogo wake Maryanne, anayesoma maneno haya, alitolewa funza mara nyingi kuliko wote na hajasahau hotuba hata moja.

Alianza masomo Chwele mwaka 1971, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1977, kisha akajiunga na shule ya wasichana ya Lugulu, alikokaa hadi kidato cha sita. Ripoti moja ya mwalimu mkuu ilisema kwamba msichana huyu ana akili nyingi na subira kidogo. Baba aliwasomea wageni sehemu ya kwanza tu, halafu akaikunja. Mwaka 1984 aliingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea udaktari, akahitimu mwaka 1990, akafanya mafunzo ya kazi Kakamega, na mwaka 1992 akatumwa Kajiado. Alikuja akidhani atakaa miaka miwili.

Mwaka uliofuata, mwalimu wa hesabu kutoka Kitengela, Bwana Gichuru Wahome, alimpeleka mwanafunzi wake hospitalini akiwa na mashilingi, yale madoa ya mviringo ya ukungu, kichwani. Mwalimu alikuwa ameyapaka rangi ya viatu, kwa ushauri wa mwalimu mwenzake. Daktari Nalianya alimweleza mbele ya foleni nzima anachofikiria kuhusu ushauri huo. Mwalimu Gichuru alirudi wiki iliyofuata bila mwanafunzi yeyote. Alisema amekuja kuuliza kama alikuwa ameeleweka vibaya. Akaambiwa hapana, alieleweka vizuri kabisa, na akaruhusiwa kukaa.

Posa ilifanyika Chwele mwezi wa Agosti 1994, na hapo ndipo familia zote mbili zilipojua zimejiingiza katika nini. Bibi harusi aliitwa aje awasalimu wageni kutoka Nyeri, kwao Gichuru. Alipomfikia mjomba mkubwa wa Gichuru, aliacha kusalimu, akamshika mzee kidevu, akamgeuza kuelekea dirishani ili aone mdomo wake wa chini vizuri.

"Hii iko hapa tangu lini?" akamuuliza.

Mzee alisema ni baridi tu ya Nyeri, iko hapo miaka miwili sasa.

"Baridi haikai miaka miwili, baba. Hii itakatwa. Jumatatu uje Kajiado."

Mazungumzo ya mahari yalisimama. Wazee wa upande huu na wa upande ule walibishana kama msichana anayeposwa ana ruhusa ya kumshika kidevu mjomba wa bwana harusi, na kama ni faini, ni ya nani. Mzee hakwenda Jumatatu. Alikwenda baada ya miezi mitatu, akiwa bado na hasira, na daktari akamfikisha kwa madaktari wa upasuaji Nairobi, ambako ile baridi yake ilithibitishwa kuwa saratani. Aliishi hadi mwaka 2011, na kila Krismasi alilalamika kuhusu kovu. Evalyne na Gichuru walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1994, wakapanga nyumba Noonkopir, Kitengela, na Mungu akawajalia watoto wawili, Keziah Waithera na Melvin Wahome.

Madaktari wenzake walishangaa alipoamua kusomea magonjwa ya ngozi. Walimwambia huo ni udaktari wa kupaka watu mafuta. Jambo hilo lilimkera hadi siku alipostaafu. Alipenda kusema kwamba ini likiugua linajificha, na hilo analielewa, lakini ngozi unaiona kila asubuhi ukinawa, na bado watu wanakuja wakati nzi wamewatangulia. Hata ile methali kwamba mficha maradhi kilio humfichua hakuipenda, kwa sababu watu huikumbuka wakiwa tayari matangani.

Mwaka 2001 alikwenda Moshi, Tanzania, akakaa huko miaka minne akisomea ngozi na upasuaji wake. Mwalimu Gichuru alibaki Kitengela na watoto. Alijifunza kusuka nywele za Keziah. Picha za miaka hiyo zipo, ila Keziah amekataa zichapishwe katika kijitabu hiki.

Alirudi Kajiado mwaka 2005 na wagonjwa wakaanza kuja kutoka kila upande. Walikuja watu wenye ualbino waliochomwa na jua tangu utotoni. Walikuja wazee wenye madoa meusi kwenye nyayo waliodhani wamekanyaga mwiba, na akina mama walioharibu nyuso zao kwa mafuta ya kujichubua yaliyouzwa sokoni kwenye mikebe isiyo na jina. Kisu alikuwa nacho na ujuzi alikuwa nao. Hakuwa na chumba. Kila alipopanga upasuaji aliambiwa angoje chumba cha upasuaji cha wazazi kiwe wazi, na akina mama wa Kajiado, Mungu awabariki, hawakuacha kuzaa ili yeye apate nafasi. Aliomba chumba kwa miaka mitatu. Aliahidiwa kila mara.

Mwezi wa Juni 2008, subira ile kidogo aliyoitaja mwalimu mkuu ilikwisha. Yeye na muuguzi wake, Sista Naipanoi, walibeba meza, taa na pamba, wakaenda kuketi kwenye ukumbi wa nje ya ofisi ya mkubwa mmoja wa afya, ambaye familia imeamua kutomtaja kwa kuwa huenda yuko hapa. Wagonjwa wakafuata. Wageni wa ofisi waliokuja na suti walikaa benchi moja na wazee wenye vidonda vya miguu, na harufu yake. Siku ya pili mkubwa alifungua mlango akauliza hawa watu wote wanataka nini.

Daktari hakuinua kichwa. Alikuwa anamulika pua ya mzee mmoja.

"Hawa wananingoja mimi," akasema. "Na mimi nakungoja wewe."

Kabla wiki ya pili haijaisha, alipewa stoo iliyojaa magodoro ya zamani. Sista Naipanoi na Mwalimu Gichuru waliyatoa, wakasugua sakafu, wakapaka kuta rangi nyeupe iliyobaki shuleni. Daktari alisimama mlangoni akaangalia, akasema taa imewekwa mahali pabaya. Katika chumba hicho alikata saratani za ngozi kwa karibu miaka kumi na mitano.

Kuna mgonjwa mmoja ambaye marehemu alimtaja mara chache sana, na familia yake imetupa ruhusa tumtaje leo. Jina lake lilikuwa Nzula, kutoka upande wa Sultan Hamud. Alipokuwa mtoto aliungua mguu jikoni, kovu likabaki, na kovu lile likawa linafunguka na kufunga kwa miaka. Alipokuja mwaka 2009 alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa. Alikuwa amefungwa bandeji kwenye duka la dawa, amepakwa majani, ameombewa, na mwisho kidonda kikawa kimeota nyama kama koliflawa na tezi za kwenye nyonga zimevimba. Daktari alimpima kimya. Alimfungua bandeji pole pole, akamsafisha yeye mwenyewe, akamfunga tena. Akamweleza kwamba mguu itabidi ukatwe Nairobi na kwamba hata hivyo hawezi kumwahidi.

Nzula akamuuliza, "Daktari, mbona mimi hunigombezi? Hao wengine wote kwa laini umewagombeza."

Sista Naipanoi alikuwepo na anasema daktari aliendelea kushika ule mguu hadi Nzula mwenyewe alipomwambia basi, ni sawa.

Nzula alikatwa mguu, akaishi miezi mitano. Daktari alikwenda kumzika. Katika safari ya kurudi, walipopita Isinya, alimwambia mumewe kwamba amechoka kungoja watu waje. Mwalimu Gichuru alidhani anataka kuacha kazi, na anakiri kwamba alifurahi kwa muda wa kama kilomita moja. Alichokuwa anamaanisha ni kwamba sasa atawafuata.

Kuanzia mwaka 2010, Jumamosi za familia hii zilikwisha. Wengine walipokwenda harusini, sisi tulikuwa tunashusha meza sokoni. Alipima ngozi za watu Gataka nje ya kanisa, akazipima Kona Baridi penye upepo uliopeperusha kofia alizokuja kugawa, akafika Namanga na Loitokitok. Kofia zile pana zilimletea shida ya pekee. Aliwapa watu wenye ualbino wazivae shambani, na akirudi anakuta zimewekwa juu ya kabati zisichafuke, zinangoja Jumapili. Mafuta ya kukinga jua yalipakwa na dada zao waliotaka kung'aa. Mama mmoja wa Kimaasai alimsalimu kwa heshima zote, "Sopa, daktari," kisha akamweleza kwamba kofia ya mjukuu wake amemvalisha ndama, kwa sababu ndama pia alikuwa mweupe. Daktari alikwenda kumwona ndama. Alirudi akasema kwamba kusema kweli ndama alikuwa na pua mbaya, na akaacha kofia nyingine.

Mwaka 2015, katika kambi ya Loitokitok, alimpima Mumbi, mkulima wa nyanya wa Entarara, mwenye ualbino, aliyekuwa na kidonda juu ya sikio la kushoto. Kipande kilipelekwa maabara na jibu likarudi kuwa ni saratani. Akapangiwa siku ya upasuaji, hakuja. Akapangiwa nyingine, akatuma salamu. Ya tatu alizima simu. Mwalimu Gichuru aliamshwa alfajiri ya Jumamosi na kuambiwa awashe gari. Ni safari ndefu kutoka Kitengela hadi Entarara, na anasema kwamba daktari alihutubia kioo cha mbele kutoka Kisaju mpaka Emali.

Walimkuta Mumbi akipalilia saa nne asubuhi, jua tayari kali, kichwa wazi. Daktari aliingia shambani na viatu vyake vya kazi, akasimama mahali ambapo kivuli chake kinamfunika Mumbi usoni. Alimuuliza kwa nini hakuja.

Mumbi alisema nyanya zilikuwa karibu kuiva. Kisha akasema gari lilikosekana. Daktari akangoja. Mwishowe Mumbi akaweka jembe chini.

"Binamu yangu alikatwa, akakufa," akasema. "Watu wanasema hiyo ugonjwa ikiguswa na kisu inaamka."

"Binamu yako alikuja lini hospitali?"

"Alikuja kama tayari imeingia shingo."

"Basi kisu hakikumwua. Kisu kilimpata anakufa."

Mumbi akauliza swali ambalo tunadhani ndilo alilokuwa akilikimbia muda wote huo. "Na mimi, daktari? Nimechelewa?"

"Bado," daktari akamwambia. "Lakini unajitahidi sana."

Mumbi alicheka, halafu akalia, halafu akaenda kutafuta sweta. Aliingia kwenye gari vile alivyokuwa, na udongo miguuni. Upasuaji ulifanyika Jumatatu, katika kile chumba kilichokuwa stoo. Ilibidi sehemu ya juu ya sikio iondolewe, na mahali pa kidonda pakafunikwa kwa ngozi iliyotolewa pajani. Ngozi ilishika upande mmoja, upande wa pili ikakataa, daktari akarudia. Kwa wiki kadhaa wawili hao waligombana kuhusu bandeji kama watu wa nyumba moja. Mara mbili tangu hapo amekatwa vidonda vidogo vipya, na mara zote mbili alikuja mwenyewe. Leo Mumbi ameketi pale kwenye hema la pili, na kofia. Watu wa upande wa Loitokitok wanaoogopa kisu hupelekwa kwake kwanza, awaonyeshe sikio.

Mwaka 2018 alipata mwanafunzi, Daktari Opiyo, kijana mpole kutoka Siaya, ambaye wauguzi waliweka dau kwamba hatamaliza mwezi. Alivumilia. Alirudishwa kushona upya mara nyingi, akaambiwa mkono wake ni wa mtu anayefunga gunia, na ilipofika mwaka wa tatu daktari aliacha kumwambia chochote. Opiyo alimwendea Sista Naipanoi akiwa na wasiwasi, akaambiwa atulie, kwamba huko kunyamaza ndiko kusifiwa.

Mwishoni mwa mwaka 2020 miguu ya marehemu ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Uchunguzi ulionyesha kwamba moyo wake umepanuka na umechoka. Alielezwa apunguze chumvi, apunguze ngazi, apunguze kazi. Hapa familia inaomba msamaha, kwa sababu ni vigumu kuandika sehemu hii kwa utulivu. Mwanamke aliyewagombeza watu kaunti nzima kwa kupuuza miili yao alikuwa mgonjwa mbaya kupindukia. Alibishana na daktari wa moyo kuhusu vipimo vya dawa. Aliambiwa apumzike nyumbani, akaonekana Isinya na taa mkononi. Keziah alimwuliza siku moja angemwambia nini mgonjwa wake akifanya hivyo. Alijibu kwamba angemfukuza, kisha akaomba aletewe viatu.

Alipasua akiwa amekaa kwenye stuli ndefu kwa karibu miaka miwili. Asubuhi moja ya mwezi wa Machi 2023, akiwa amekwisha kumpiga mzee mmoja sindano ya ganzi kwenye shavu, mkono ulimtetemeka. Alingoja utulie. Ukatetemeka tena. Akageuza kisu, akamwelekezea Opiyo mpini.

"Shika," akamwambia. "Na usiniangalie hivyo, angalia shavu."

Hakupasua tena. Alistaafu rasmi mwezi wa Agosti 2024, akapewa keki na hotuba, na Jumatatu iliyofuata alikuwa kazini, akisema amekuja kuangalia tu.

Mwanzoni mwa Oktoba mwaka huu alilazwa Kitengela, pumzi ikiwa taabu. Jioni moja Maryanne alikuwa ameshika mkono wake akimwombea, amefumba macho, na maombi yalikuwa yameanza kupanda, aliposikia mkono ukivutwa.

"Ngoja kidogo, Maryanne," marehemu akasema. "Huyo mama wa kitanda cha pili. Unyayo wake umetokeza, una doa. Nyanyua shuka nione."

Maryanne alikasirika. Alimwambia hapa kuna mtu anazungumza na Mungu. Akajibiwa kwamba Mungu hana haraka, na kwamba doa lile lina haraka. Shuka ilinyanyuliwa. Opiyo aliitwa kwa simu, akaja usiku huohuo, akalipima doa na kukata kipande. Alipoulizwa analionaje, alisema halipendi. Marehemu akasema naye halipendi, na akalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu alazwe. Majibu ya maabara bado hayajarudi. Yule mama anaitwa Apondi, na alitutumia salamu za rambirambi kutoka kitandani kwake.

Marehemu Daktari Evalyne Nalianya alifariki Jumapili, tarehe 19 Oktoba 2025, alfajiri, mumewe akiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Anazikwa hapa nyumbani kwake Kisaju, walikojenga baadaye, kama alivyotaka. Ndugu zetu wa Chwele wametukubalia, si bila maneno, na tunawashukuru kwa yote mawili.

Ameacha mume, Mwalimu Gichuru Wahome. Ameacha binti, Keziah Waithera, na mwana, Melvin Wahome, na mjukuu mmoja, Evalyne mdogo, ambaye tayari anakunja uso. Ameacha ndugu zake, Morgan Khisa na Maryanne Khisa, Sista Naipanoi aliyekuwa dada bila kuzaliwa naye, Daktari Opiyo anayekishikilia kile chumba, na watu wengi wenye makovu nadhifu. Wengi wao wamekuja leo, na tunawaomba wakae kwenye hema, maana jua limeshakuwa kali.

Kwa miaka mitano tulimsihi apumzike, na akatushinda sote. Tunamkabidhi sasa kwa Mungu, ambaye habishiwi. Amlaze kwa amani.